Dada yangu, Jabra na ile familia ya Mississippi

Kuna riwaya moja ya Kimarekani ilinishinda mara tatu. The Sound and the Fury ya William Faulkner, ile ya mwaka 1929. Watu ninaowaamini kwenye mambo ya vitabu walikuwa wananiambia ukitaka kuona ndugu wanavyoweza kupendana na kuumizana kwa wakati mmoja soma hiyo, na mi kila nikianza nafika ukurasa wa ishirini hivi naiweka chini. Siyo Kiingereza kilichonikwamisha, Kiingereza nakisoma kila siku. Shida ni pale mwanzo, kuna mtu anasimulia na huelewi ni nani, yuko wapi, haya anayosema ni ya leo au ya miaka thelathini nyuma, watu wanaingia wanatoka, jina moja wanaitwa watu wawili tofauti, na hakuna hata mmoja anayekugeukia akakwambia karibu, kaa hapa, ngoja nikueleze.

Mwaka jana rafiki yangu akanipa nakala ya Kiarabu. al-Sakhab wa al-Unf, tafsiri ya Jabra Ibrahim Jabra. Jalada limeachia, karatasi zimekuwa rangi ya chai, na kwenye ukurasa wa ndani kabisa kuna mtu, simjui, kaandika kwa penseli majina manne ya watoto wa ile familia kufuata nani kazaliwa kwanza: Quentin, Caddy, Jason, Benjy. Halafu jina la Caddy kalizungushia duara, kakandamiza penseli mpaka karatasi imebonyea, ukipitisha kidole unaisikia. Hilo duara ndo lilinifanya nisome. Nilijua huyu mtu naye alikwama palepale nilipokwama mimi, akatafuta njia, na njia aliyoipata inaanzia kwa huyu dada.

Sasa nimeimaliza, mara mbili, ya pili nikisoma kwa sauti kwa sababu nitakayoisema, na nataka niongee kuhusu Kiarabu chake maana nina hakika bila Kiarabu nisingeingia mle ndani.

Kwa asiyeijua, ni hivi. Familia ya Compson, weupe wa jimbo la Mississippi, zamani walikuwa watu wakubwa na sasa wanaporomoka. Kitabu kina sehemu nne. Tatu za kwanza kila moja anasimulia kaka mmoja, anaanza Benjy, anafuata Quentin, kisha Jason. Ya nne anasimulia mwandishi mwenyewe kwa nje, ila muda mwingi yuko karibu na Dilsey, mama mweusi anayewapikia na ambaye kwa kweli ndiye aliyewalea. Kaka wote watatu wanamzunguka mtu mmoja, dada yao Caddy, ambaye nyumbani hayupo tena. Benjy ana miaka 33, haongei, anachoweza ni kulia na kunguruma, na akili yake haitenganishi jana na leo, kwa hiyo nguo yake ikinasa kwenye msumari wa uzio leo, palepale anajikuta mtoto mwaka ule Caddy alipomnasua kwenye msumari, na hakwambii kwamba amehama.

Faulkner mwenyewe alitumia herufi za mlazo kuonyesha hapa muda umeruka, na alitamani zingekuwa wino za rangi, kila wakati na rangi yake, ila uchapaji wa enzi ile haukuruhusu. Mwaka 2012 wachapishaji wa Folio Society kule London walikuja kulifanya kweli, rangi 14. Sasa fikiria mtu anayetafsiri kwenda Kiarabu, mwandiko ambao hauna herufi kubwa wala hauna desturi ya herufi za mlazo. Silaha mbili za Faulkner zimeshanyang'anywa kabla hujaandika sentensi ya kwanza. Ndo maana nilikifungua kile kitabu nikiwa na wasiwasi kwamba kama kwa Kiingereza nilizama kwa Kiarabu si ndo nitapotea kabisa.

Kumbe Kiarabu kina silaha zake.

Humo ndani kuna Quentin wawili. Wa kwanza ni kaka, alijiua mwezi Juni 1910 akiwa mwanafunzi wa Harvard. Wa pili ni binti wa Caddy, kazaliwa baada ya yule kufa akapewa jina lake. Benjy akisimulia wote wawili wanapita bila tangazo, hapa Quentin ni mvulana anacheza kijitoni na wadogo zake, kurasa chache mbele Quentin ni msichana wa miaka 17 kakaa kwenye bembea na mwanamume. Kwa Kiingereza kitenzi hakikusaidii chochote, "said" ni hiyohiyo kwa wote, unasubiri mpaka kiwakilishi kijitokeze ndo ujue. Kwa Kiarabu kitenzi kimeshasema. Qala Quentin, huyo ni mwanamume. Qalat Quentin, huyo ni mwanamke. Ile t moja ya mwisho, herufi moja, na mara nyingi kitenzi kinatangulia jina, kwa hiyo kabla hata jina halijafika umeshajua uko mwaka gani. Mi nililala saa nane usiku siku ile ya kwanza. Kurasa ishirini zile zilizonishinda nilizipita nikaenda mbali, na siyo kwamba Jabra karahisisha kitu, hapana, mvurugano wote uko palepale, ni sarufi tu ya lugha yake inabeba taa ambayo Kiingereza hakina.

Hapa nasimama kidogo maana hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Nilipokuwa najifunza Kiarabu, mwalimu wa sarufi alitufundisha kwamba kiwakilishi kwao kinaitwa dhamiri. Ndiyo, dhamiri hiihii yetu, ile tunayosema dhamiri inamsuta. Kwao neno ni moja kwa mambo yote mawili, kile kitu kilichofichwa moyoni na lile neno dogo linalokaa badala ya jina. Na kile kiwakilishi ambacho hakiandikwi kabisa, kinachojificha ndani ya kitenzi, kinaitwa dhamiri mustatir. Hiyo mustatir imetoka mzizi uleule uliotupa sisi sitiri na stara. Yaani dhamiri iliyositirika. Unaandika qalat peke yake, "alisema", hakuna jina, hakuna "yeye", lakini mwanamke yumo, amejificha ndani ya neno na kila msomaji anamwona.

Nikasema basi huyu ndiye Caddy. Kabisa. Mama yao, Bi Compson, amepiga marufuku jina la Caddy lisitajwe mle ndani, binti yake mwenyewe anayelelewa pale asilisikie jina la mama yake. Na sehemu yake ya kusimulia hana, kaka watatu wamepewa, yeye hakupewa. Halafu soma hizo kurasa zote uone kama kuna mahali hayupo. Benjy akilia ni yeye, Jason akitukana ni yeye, Quentin akivunja saa yake asubuhi ile ya kufa ni yeye. Nyumbani hatajwi, na yumo ndani ya kila kitenzi chao. Ningekisoma kwa Kiingereza miaka kumi wazo hilo lisingenijia, kwa sababu Kiingereza hakikunifundisha kwamba mtu anaweza kusitirika ndani ya neno na akabaki ndiye mwenye neno.

Sasa kuhusu kusoma kwa sauti. Dada yangu mkubwa alivunjika mguu, akawa wa kukaa ndani wiki nyingi, na yeye Kiarabu hajui. Nikawa namsomea kwa simu kila usiku, natazama Kiarabu nasema Kiswahili, papo kwa papo. Hapo ndo nikaona tulichopewa na tulichonyimwa. Kiswahili chetu hakina mke wala mume kwenye kitenzi. Quentin akasema, Quentin akacheka, Quentin akakimbia. Usiku wa pili akanikatisha, "Subiri mdogo wangu, huyo Quentin si alishajizamisha?" Nikamwambia huyu mwingine, binti. Akasema sawa, dakika mbili mbele tena, "Huyu ni yupi?" Ile taa niliyopewa na Kiarabu ilizima mkononi mwangu nikiwa nimeishika. Ikabidi niwe nasema Quentin kaka na Quentin binti, na kila nikisema hivyo naona namwibia kitu, maana namwambia mapema kuliko Faulkner alivyotaka na hata kuliko Jabra.

Ila kuna mahali tukashinda sisi na Waarabu pamoja. Kiingereza kina neno moja tu, "uncle". Yule ndugu wa mama yao, Maury, mlevi anayewatuma watoto wapeleke barua za mapenzi kwa mke wa jirani, Kiingereza kinamwita hivyo, na Jason kwa yule binti Quentin ni hivyohivyo. Kwa Kiarabu huwezi kukaa katikati, ama ni 'amm, upande wa baba, ama ni khal, upande wa mama. Na sisi hivyohivyo, mjomba ni mjomba. Siku nilipofika pale Jason anapokula pesa za mpwa wake nikasema "mjomba wake", na dada akanyamaza, halafu akasema polepole, "Mjomba? Mtoto wa dada yake kabisa, tumbo moja?" Neno moja hilo lilifanya kazi yote.

Na lile tukio lenyewe linatisha, ngoja nilieleze. Caddy huko aliko anatuma hundi ya dola 200 kila mwezi kwa ajili ya binti yake. Mama yao kwa kiburi anasema hela ya mwanamke yule haiingii kwenye nyumba hii, anaitaka hundi, anaichoma kwa mkono wake. Jason anatengeneza hundi ya bandia, anampa mama achome, ya kweli anakwenda kuchukua pesa anaficha chumbani kwake kwenye kisanduku, mwaka baada ya mwaka. Mama anachoma karatasi akijua analinda heshima, mtoto anaiba mgongoni mwake, na mjukuu anaishi mle kama ombaomba kwenye nyumba inayokula pesa zake. Yule binti ndiye atakayevunja dirisha akavunja na kile kisanduku, akachukua pesa akaondoka usiku kuamkia Pasaka. Dada yangu alipiga makofi kwenye simu.

Nirudi kwenye jina, maana nilipoliona tu nilidhani Jabra amekosea. Faulkner kalitoa kwa Shakespeare, kwenye Macbeth, pale maisha yanapofananishwa na hadithi anayosimulia mtu asiye na akili, imejaa kelele na ghadhabu na haina maana yoyote. Kelele na ghadhabu. Wafaransa walivyotafsiri mwaka 1938 wakaweka fureur, ghadhabu. Kiarabu wanalo neno ghadhab, sisi tumelichukua kwao, liko pale mkononi, na Jabra hakulitaka. Kaweka unf. Unf ni ukatili, ni matumizi ya nguvu, ni mkono. Na Jabra siyo mtu wa kubahatisha Shakespeare, ni yeye aliyewatafsiria Waarabu Hamlet, King Lear, Othello na hiyo Macbeth yenyewe.

Nilimaliza kitabu ndo nikaelewa. Nafikiri, na haya ni mawazo yangu mimi, ghadhabu inaweza kukaa kifuani mtu akafa nayo. Kwenye nyumba ile hakuna kilichobaki kifuani. Benjy siku moja geti limeachwa wazi, akatoka akawafuata wasichana wa shule waliokuwa wanapita akamshika mmoja, alitaka kuongea maana alizoea kumsubiri Caddy akitoka shule pale getini, wakamhasi. Mtu amekatwa sehemu ya mwili wake kwa sababu alikuwa anamsubiri dada yake, na yeye anakusimulia kama ndoto, hajui kafanywa nini. Quentin anamwekea dada yake kisu shingoni. Jason anamkimbiza mpwa wake mashambani kwa gari. Hiyo ni unf. Jabra kasoma kitabu kizima kwanza ndo akalipa jina, na sasa hata nikiwaza jina la Kiingereza naliona dogo.

Huyu mzee mwenyewe lazima nimwelezee. Mpalestina, alikulia Bethlehem kwenye familia maskini, akasoma Jerusalem, akapelekwa Uingereza akasoma Cambridge, akarudi kufundisha Jerusalem. Mwaka 1948 nchi ikaondoka, akaenda Baghdad na huko ndo akaishi mpaka kufa mwaka 1994. Katikati hapo, kuanzia 1952, alikaa Harvard. Kwa hiyo ule mji wa Cambridge kule Massachusetts ambako Quentin anazunguka siku yake ya mwisho, kabla ya kujizamisha kwenye mto Charles, Jabra aliufahamu kwa miguu yake. Tafsiri ikatoka miaka ya mwanzo ya 1960.

Sasa rudi kwenye ukurasa wa kwanza kabisa wa riwaya ukiwa unajua hayo. Benjy amesimama kwenye uzio. Anachungulia upande wa pili, kuna watu wanacheza gofu kwenye majani. Lile lilikuwa shamba lao. Waliliuza, pesa zikaenda kwenye ada ya mwaka mmoja wa Quentin Harvard na kwenye harusi ya Caddy, sasa ni uwanja wa klabu ya gofu na wenyewe wanaangalia kwa nje. Wachezaji wanamwita mbeba fimbo wao, na mbeba fimbo kwa Kiingereza anaitwa "caddie". Benjy akisikia hivyo anasikia jina la dada yake, anaanza kulia, na kijana anayemchunga, Luster, anamwambia nyamaza wewe mtu mzima, huku anatafuta senti 25 zake zilizopotea kwenye nyasi. Kwa Kiingereza maneno hayo yanatofautiana herufi za mwisho na herufi kubwa ya mwanzo. Ukiichukua ile sauti ukaiweka kwenye mwandiko wa Kiarabu, ambao hauna herufi kubwa, macho hayapati tofauti yoyote, unabaki na sikio kama la Benjy.

Mi hapo nilisimama. Mtu aliyepoteza nchi miaka kumi na kitu nyuma, amekaa Baghdad, anatafuta maneno ya Kiarabu ya kumweka mtu kwenye uzio anaangalia ardhi ya kwao ikichezewa na wengine, mtu asiyeweza hata kusema kilichomtokea, analia tu na wanamwambia anyamaze. Sijui kama mkono wake ulitetemeka. Wangu ulitetemeka kushika kitabu.

Na hakuwa peke yake aliyeona. Ghassan Kanafani, Mpalestina mwenzake, mwaka 1966 alitoa riwaya ya Ma Tabaqqa Lakum. Kaka anaitwa Hamid, dada Maryam, dada kapata ujauzito nje ya ndoa, kaka anaondoka Gaza kwa miguu usiku anavuka jangwa, na ukutani nyumbani kuna saa inagonga. Sauti zinapokezana bila kuonya, tofauti unaiona kwenye aina ya chapa tu. Ni wazi kalelewa na Faulkner, lakini nakusihi usiisome kama nakala. Kaka wa Mississippi anajizamisha mtoni kwa sababu ya aibu ya dada yake, na neno aibu wala halihitaji maelezo kwa Mwarabu, ni lao, kwetu limekuja kwa jahazi. Kaka wa Gaza anatembea. Na jangwa lenyewe linaongea.

Kuna kitu kimoja kinaniuma kwenye tafsiri na sitakificha. Dilsey na watu wake kwa Faulkner wanaongea lahaja yao, Kiingereza cha weusi wa kusini, ukisikia sentensi moja unajua ni nani na amekaa upande gani wa meza. Tafsiri ni fus-ha, Kiarabu cha vitabuni, kilekile kwa bwana na kwa mpishi. Dilsey anapata hadhi ya lugha ambayo pale Mississippi hakuna mtu angempa, na hilo nusu yangu inalifurahia, ila ule ukuta kati yake na waajiri wake, ambao kwa Kiingereza unausikia kila akifungua mdomo, unashuka. Kumpa lahaja ya mtaani ya Baghdad au ya Cairo nako kungemhamisha nchi. Sioni njia nzuri, naona tu kwamba hapa pana hasara.

Lakini Dilsey hazimiki. Ile asubuhi ya Pasaka jikoni, baridi, yeye na mwavuli na ngazi na miguu inauma, anapanda anashuka kumhudumia yule mama anayelalamika kitandani. Kuna saa ukutani juu ya kabati, yenye mshale mmoja. Inagonga mara tano. Dilsey anasema, saa nane kamili. Kwa hesabu yao hiyo, sisi tungesema saa mbili asubuhi. Basi, anaendelea na mikate. Quentin kavunja saa yake na kujiua kwa sababu ya muda, Jason anakimbizana na muda wa soko la pamba siku nzima, na huyu mama ana saa mbovu anaisahihisha kichwani bila kugeuka. Nilipomsomea dada hapo aliomba nirudie. Akacheka, akasema "ndo sisi wa jikoni tulivyo".

Kisha Dilsey anamchukua Benjy anakwenda naye kanisani kwa weusi, watu wanasema kwa nini anamleta huyo, naye hajali, na kwenye mahubiri anakaa wima machozi yanamtoka hafuti, na Benjy pembeni yake ametulia kabisa.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo ila kuna jambo nililijua baadaye na haliniachi. Nyumba ya Jabra kule Baghdad ilikuwa mtaa wa Mansour, barabara inayoitwa ya Mabinti wa Mfalme, jirani na ubalozi mdogo wa Misri. Vitabu vyake, barua, michoro, miswada, vilibaki mle baada ya yeye kufa. Tarehe 4 Aprili 2010 bomu la gari lililolengwa kwa majirani likaibomoa nyumba. Siku hiyo ilikuwa Jumapili ya Pasaka.

Nilimwambia dada hilo usiku wa mwisho, tulipomaliza. Tulikuwa tumeshasoma pale Luster anapozungusha farasi upande usio wa kawaida penye sanamu ya askari, Benjy akapiga yowe mpaka Jason akaja akawageuza, majengo yakarudi kupita upande wake uliozoeleka, kimya. Dada hakusema kitu kwa muda. Nikadhani simu imekatika.

Akasema, "Na Caddy je? Anaongea sehemu gani, mbona umeniambia kimeisha?"

Nikamwambia haongei. Sehemu ni nne tu, na yake haimo.

"Hata kidogo?"

Nikamwambia yupo kwenye maneno ya wenzake. Nikamweleza ile habari ya dhamiri mustatir, neno ambalo mwenyewe yumo bila kuandikwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi nirudishie pale pa mti."

Nikafungua nyuma, mwaka 1898. Bibi yao amefariki na watoto hawajaambiwa, wamefukuzwa nje wasione. Caddy ana miaka saba, alilowa kijitoni akacheza kwenye tope. Baba amekataza kuupanda huo mti, na ni yeye peke yake anayethubutu, Versh, mtoto wa Dilsey, anamsukuma mpaka tawi la kwanza, anakwea, anachungulia dirishani kuona watu wazima wanafanya nini mle ndani, na Jason na Benjy na watoto wengine wamesimama chini gizani wanatazama juu, wanaona nguo yake ya ndani ilivyojaa tope, halafu hawaoni tena chochote, wanasikia tu matawi yanavyotikisika.

Nilisoma taratibu. Nilipofika kwenye matawi dada akaniambia nisiendelee.